Maua ya Kengele Kwenye Ngwe ya Vaileth

Asubuhi ile Vaileth alishuka chemchemini na mwanawe Upendo mgongoni, na mkononi hakuwa na jembe kama wenzake. Alikuwa na kijiko, kile kile cha kulia wali. Wifi yake Magdalena ndiye aliyekiona kwanza.

"Jamani, mke wa kaka kaja kunywa uji."

"Uji nimeshakunywa nyumbani, wifi. Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," wakaitikia, wengine bado wanacheka.

Huku Vidunda, kila mwezi wa sita masika yakishakatika, wanawake wa kitongoji husafisha mwamba wa chemchemi. Maji hutokea kwenye ufa juu, yakateremka juu ya jiwe, na jiwe lote likaota utando wa kijani unaoteleza kama mlenda. Kila mmoja hupimiwa ngwe yake kwa mpini wa jembe, akaiparua mpaka jiwe libaki tupu. Jua likifika utosini, Bibi Scholastica hupita akipapasa ngwe moja moja kwa kiganja. Kikitoka na ukijani, unarudia. Hakuna anayembishia, maana ni yeye aliyewahi kuteleza hapo na ndoo kichwani akavunjika mkono, na mpaka leo kiwiko chake hakinyooki sawasawa.

Vaileth ni mtu wa bondeni, mzaliwa wa Chanzuru. Alimaliza darasa la saba huko, akaja kuolewa na Yared, na huu ni mwaka wa tatu. Miaka miwili ya mwanzo hakupewa ngwe. Bibi harusi mgeni huzoa tope tu. Hakulalamika. Kiangazi ndoo hujaa polepole, na yeye alipokuwa akisubiri, alikuwa akitazama. Ndivyo alivyoyajua maua ya kengele, upande wa kivulini, pale maji yanapodondoka tone kwa tone. Vikonyo vyake ni vyembamba kama uzi, na kila kimoja kimening'iniza kengele ya bluu iliyokolea kama wino, mdomo ukitazama chini ili mvua isiingie. Upendo alipokuwa mchanga, tumbo likimsokota, Vaileth alimleta pale. Upepo ukizitikisa kengele, mtoto alinyamaza, macho yamemtoka.

Lakini kila mwezi wa sita maua yaliparuliwa pamoja na utando, na kila mwaka yalirudi machache zaidi. Mwaka jana mtafiti wa mimea kutoka Morogoro alilala kifudifudi mbele ya maua hayo asubuhi nzima akiyapiga picha. Aliwaambia wanawake amepanda milima mingi na ua hili hajaliona kwingine. Walimcheka wiki nzima, mtu mzima na digrii yake kulowa tumbo kwa ajili ya majani. Vaileth hakucheka. Tangu siku ile alikuwa akivihesabu vikonyo, na mwaka huu vilikuwa kumi na kimoja tu.

"Bibi," alisema ngwe zilipoanza kupimwa, "mimi nipe ile ya kivulini."

Bibi Scholastica alimtazama. "Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, mwanangu. Wenzako wanaikimbia."

"Nipe hiyo hiyo. Ila naomba maua niyaache."

"Miye nataka jiwe safi. Nikikuta utelezi, Magdalena ataingia na jembe amalizie, na asibaki hata mzizi."

"Sawa, bibi."

Kuna jambo Vaileth alikuwa ameligundua katika kutazama kwake. Maua yale hayakuota juu ya utando. Mizizi yake ilikuwa imejibana ndani ya nyufa za jiwe, na utando ulikuwa umeyazunguka tu. Jembe halina subira ya kutofautisha, kijiko kinayo. Akapiga magoti majini, akaanza kukwangua kati ya kikonyo na kikonyo, na penye wembamba akatumia kucha.

Magdalena alimaliza ngwe yake mapema, akaja kukaa karibu na kumtania. "Wifi, unaosha jiwe au unamkuna mtu mgongo? Hata kaka yangu sijui kama alishakunwa hivyo."

"Kaka yako hatulii, huyu ametulia."

Wanawake waliangua kicheko, na mgongoni Upendo naye akacheka bila kujua sababu. Lakini jua lilikuwa linapanda, na theluthi nzima ya ngwe bado ilikuwa ya kijani. Magdalena akalitazama jua, akalitazama jembe lake, akalisukuma pembeni.

"Haya, nionyeshe pa kuanzia. Nikiyang'oa haya mimi, wewe utaninunia mpaka Krismasi." Akavunja kijiti, akapiga magoti. Baada ya muda alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndani ni meupe."

"Ulikuwa hujayaangalia?"

"Nani ana muda wa kuinama?"

Bibi Scholastica alifika wakiwa wanalimwagia jiwe maji mara ya mwisho. Alipapasa jiwe juu, akapapasa chini. Kisha, taratibu, kwa ule mkono usionyooka, akapenyeza vidole katikati ya vikonyo vyote kumi na kimoja. Kengele zikayumba juu ya ngozi yake.

Bibi akageuza kiganja juani. Kilikuwa na maji tu.

"Mimi nilianguka kwa utelezi," alisema, akiwageukia wote. "Sikuangushwa na ua. Yabaki."

Magdalena akapiga vigelegele vifupi, wengine wakapokea.

"Ila sikiliza, mama Upendo," bibi akaendelea. "Ngwe hii ni yako sasa, mwaka hadi mwaka. Hakuna wa kukupokea."

"Ndiyo, bibi."

"Na mwakani ukiwa na tumbo la mimba?"

"Nitainama hivyo hivyo," alisema Vaileth, huku akimfungua mtoto mgongoni ili amnyonyeshe, miguu yake ikiwa bado ndani ya maji.