Uso wa Kakra kwenye Bango la Panin

Sisi wa njia panda ya Konongo tunaishi kwa misiba, na sioni haya kusema hivyo. Mimi nashona nguo nyeusi na nyekundu. Dufie, dada wa kibanda cha pili kutoka kwangu, anatengeneza mabango ya marehemu. Mtu akifa, jamaa zake hupitia kwake na picha kabla hawajapita kwangu na kitambaa.

Dufie ni mwoga tangu nimjue. Anaogopa mbwa, radi, na mwanamke yeyote anayepandisha sauti. Lakini mkono wake una kipaji, hasa cha kukata kichwa. Picha nyingi za wazee wetu ni za harusi, wamebanana kwenye benchi na watu chungu nzima. Dufie hukikata kichwa cha marehemu, akakipachika juu ya mwili uliovaa kente, kitambaa cha kifalme, na bibi aliyeuza nyanya maisha yake yote akatundikwa njia panda kama malkia. Sijasikia familia ikilalamika.

Kompyuta yake ilitoka kwenye kontena la mitumba kule Kumasi, nayo ilikuwa kuukuu hata siku aliyoinunua. Ndani yake aliweka ule mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, na kwa miaka wakaelewana vizuri. Kila toleo jipya lilipokuja Dufie alilikubali. Yeye hajui kumkatalia mtu, sembuse mashine.

Wiki aliyokufa bibi Ataa Panin, likaja toleo jingine. Dufie akalikubali. Mashine ilipowaka tena, nilimsikia akipiga kelele.

"Dada Fosuaa, njoo! Ni macho yangu au ni mashine?"

Nikaenda. Picha kwenye kioo zilikuwa kubwa kupita kiasi, nusu ya kila kitu imeangukia nje. Rangi zimepauka, nyuso zimevurugika kama uji ulioganda, na kila akisogeza kitu kinakuja kikijikokota.

"Ni mashine," nikamwambia. "Macho yako yana kasoro nyingine."

Akauliza kwa simu, kwenye baraza lao la mtandaoni wanakosaidiana. Mmoja akamjibu kwa upole tu. Kadi ya picha iliyomo ndani ya mashine yako ni ya zamani, akasema, na toleo hili halina tena sehemu ya kuiendesha. Aliyekuwa akiitunza sehemu hiyo ameacha, tukaomba mtu wa kuipokea, hakutokea. Tulidhani hakuna anayeitumia tena. Pole sana, rudisha toleo la zamani.

Walidhani! Damu ilinichemka. Waliuliza wapi? Hapa njia panda hawakuuliza. Na toleo la zamani lenyewe ni zigo kubwa, na mtandao wetu wiki ile ulikuwa unatambaa. Bango lilitakiwa kesho yake, siku ya kikao cha kwanza cha msiba.

Hapo ndipo alipoingia Pomaa, binti wa marehemu, mwanamke ambaye sauti yake hutangulia mwili. Alileta picha ya harusi. Wazee wawili wameketi bega kwa bega: bibi Panin na pacha wake, mzee Kakra, wote wamenyoa nywele karibu na ngozi, wote shingo nyembamba, wamefanana kama maharage ya ganda moja.

"Mwenye hereni ndiye mama," Pomaa akasema. "Na usimfanye mnene, nakujua."

"Sawa, mama," Dufie akajibu. Hakumwambia kuhusu kioo. Alimwogopa.

Akaiingiza picha kwenye mashine, Pomaa akaondoka na ya karatasi. Nilimwona Dufie amekaribia kioo mpaka pua inagusa. Kando ya sikio la mmoja palikuwa na nukta inayong'aa. Akakikata kichwa hicho, akakivisha kente ya kike, akapeleka kazi kwa wachapaji wa Kumasi, watu wasiowajua hata pacha hao. Bango lilirudi limekunjwa, vijana wa familia wakalipokea stendi usiku, wakalipandisha moja kwa moja.

Ile nukta haikuwa hereni. Ilikuwa ugonjwa wa kioo.

Asubuhi mzee Kakra, aliye hai, mwenye fimbo yake mkononi, aliwatoroka waliomfungia ndani, akaja njia panda kununua uji wake wa koko. Akainua macho, akajiona juu, mkubwa kama mlango wa kanisa, amevaa kente ya kike, na chini yake maneno: Ametuacha.

Jamani, niliogopa. Mtu mzima mimi, nilishika mkasi kifuani nikasahau kuuweka chini. Kumtundika aliye hai ni balaa kwa mtu yeyote, lakini kwa pacha? Kila mmoja wetu amelelewa akijua kwamba pacha akitangulia humwita mwenzake, na wakati wa msiba wote tunamficha aliyebaki ili asisikie akiitwa. Sisi tulikuwa tumemwita kwa maandishi, tena kwa rangi.

"Yuko wapi aliyemwandika mjomba?" Pomaa alikuwa akipiga mayowe. "Yuko wapi? Anitokee mbele!"

Dufie alikuwa chini ya meza yangu ya kushonea, amejikunyata. "Akifa, dada," alinong'ona. "Akifa, mimi ndiye niliyemuua."

Nilitaka kumwambia asiseme upuuzi. Lakini ndivyo mji mzima ungesema.

Wazee wa ukoo wakaamua: aliyeitisha roho ya mzee ndiye atakayeituliza. Apike viazi vikuu, aviponde na mawese, aweke mayai juu, ampelekee kwa mkono wake mwenyewe. Nilimsindikiza. Alilibeba bakuli upande mpaka yai moja likabingirika likataka kuanguka, nikalidaka.

Mzee Kakra alikuwa amevishwa nguo nyeupe, ameketi uani, Pomaa amesimama nyuma yake kama askari.

"Ni wewe uliyenikata kichwa?" akauliza.

"Ni mimi, babu. Nisamehe. Kioo hakikunionyesha."

"Kwa nini?"

"Waliotengeneza mfumo walidhani mashine kama yangu hazipo tena."

Mzee akatafuna yai polepole, tukilitazama koo lake kama tunaohesabu. "Walidhani," akasema. "Hata humu ndani, nikiugua siku mbili tu, watu huanza kupima uwanja viti vitakaa wapi."

"Mjomba!" Pomaa akafoka.

"Nyamaza, nawe ndiye mpimaji." Akamgeukia Dufie. "Usinifute. Ile ni picha nzuri, sijawahi kutoka vile. Nivue tu nguo ya kike, univike ya kiume, uniweke humo mashineni. Na siku yangu ikifika asikuguse mtu. Nimeshasema."

Dufie alirudisha toleo la zamani mtandao ulipotulia. Kioo kikapona. Uso wa mzee ukatokea safi, na hereni ya dada yake ikaonekana wazi pembeni, ndogo, ya dhahabu. Bango la bibi likatengenezwa upya, na picha ya mzee akaifanya alivyoagizwa, akaihifadhi. Tangu hapo mfumo ukimletea toleo jipya anakataa.

Akaanza pia desturi mpya. Asubuhi hakuwasha mashine mpaka amwone mzee Kakra akipita kwenda kununua koko. Alikaa amepakata mikono, macho barabarani. Fimbo ikisikika ndipo anapumua, ndipo anabonyeza. Nilimcheka mwanzoni. Halafu nikagundua kwamba na mimi sikanyagi cherehani mpaka fimbo isikike.

Mvua zikaja zikapita. Viazi vikuu vipya vikaliwa.

Leo muuza koko amemaliza kuuza, amefunika sufuria, na fimbo hatujaisikia. Dufie amepakata mikono, nami cherehani sijaikanyaga. Kisha tukamwona Pomaa akija kutoka upande wa nyumbani kwao, taratibu, kimya, kitambaa chekundu begani. Watu wa msiba huja kwa Dufie na picha. Pomaa alikuja mikono mitupu.

Akasimama mlangoni. Sauti yake leo ilikuwa ndogo.

"Dada Dufie," akasema, "washa mashine."