Sarafu Katika Nguo za Mtoto

Sonara mwenye duka jirani na langu hapa Mwenge huanza kucheka mabega kabla sauti haijatoka. Vidole vyake vinene hushika hereni kama anayeshika kifaranga. Jana mteja wake, Gladness, alitoka kwake Goba mbio, akamletea sarafu ya mia mbili aliyoikuta katika nguo za mwanawe mchanga. Ukingo wote ulikuwa umejikunja kwa ndani, laini kama pete.

"Mama mkwe kaniwekea uchawi," alinong'ona. "Mume wangu Edgar anampeleka stendi sasa hivi, arudi kwao."

Sonara akaupapasa ukingo polepole, mabega yakaanza. "Dada, unafua kwa mashine?"

"Ndiyo."

"Ikizunguka inagonga ka-ka-ka?"

"Miezi sasa!"

"Basi ilinasa humo. Imegongwagongwa ukingoni mpaka ikajikunja, leo ndiyo imechomoka na nguo."

Gladness alicheka hadi akakaa sakafuni. Sonara akavua miwani afute machozi, nami nikajikuta nimeshika mbavu. Gladness akampigia mumewe, simu ikiwa kwenye spika.

"Edgar, mrudishe mama! Mchawi ni mashine!"

"Edgar anaendesha," ikajibu sauti ya kike. "Mchawi gani tena, mwanangu?"

Sonara akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Shikamoo, mama," akasema Gladness.