Mapeasi ya Mombo

Nyumba yetu ya Masuguru ilipokwisha kuezekwa, mume wangu alinilimia matuta manne mbele ya mlango, kisha akarudi kazini kwake relini. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nishuke kutoka milimani Usambara. Mama hakuja harusini. Sisi tulikuwa watu wa kanisani, na mimi nimeolewa na Mzigua, Mwislamu. Muda wote huo hakuniletea hata salamu.

Ndipo siku moja kaka yangu akaja na miche mitano ya mapeasi, mizizi imefungwa kwa magome ya mgomba pamoja na udongo wa kwetu.

"Mama kasema uipande."

"Kasema nini kingine?"

"Basi, hilo tu."

Mama mkwe, aliyekuja kuishi nasi kutoka Handeni, alikuwa ameshachagua vya kupanda: mstafeli, mlimau na mchaichai. Aliishika miche yangu, akaigeuzageuza.

"Mwanangu, hii ni ya baridi. Hapa itaungua."

"Nitaimwagilia, mama."

Nilichomeka vigingi hatua sita kutoka ukutani, maana mpeasi wa nyumbani kwetu ulikuwa mpana kuliko jiko. Halafu nikasimama mlangoni, nikaiona yote imekwisha kukua: maua meupe, kivuli kinafika dirishani, na Mama ameketi chini yake anapukuchua maharage. Nilimwona kabisa, mpaka kitambaa chake cha kichwa.

Mama mkwe hakunibishia tena. Mlimau wake akaupeleka nyuma ya choo, miche yangu akaikinga jua kwa makuti. Maji ya kuoshea vyombo hakuyamwaga ovyo. Hata hivyo, kiangazi cha kwanza minne ilikauka. Wa tano ulibaki, haufiki kiunoni, majani yake machache yameungua kingo.

Kaka alipopita kwenda Tanga, nilimfuata stesheni ili asifike nyumbani.

"Mwambie Mama inakua vizuri."

Nilisema hivyo mwaka hadi mwaka. Mwaka wa sita akaja kunichukua, nikamwahi pale pale stesheni. Mama alikuwa mgonjwa, chakula hakimpiti.

"Anataka peasi la kwako," akasema.

Nilimtanguliza kaka, nikamdanganya kwamba nabaki kuchuma. Kesho yake nilipanda treni mpaka Mombo, chini ya milima ya kwetu. Pale stesheni wanawake wa kwetu walikuwa wameshuka na vikapu vyao. Nilinunua mapeasi sita, nikayafunga kwenye kanga, nikapanda nayo mlima ule ule yalikotoka.

Mama alikuwa amebaki mifupa. Nilimwamkia, akaitika kwa shida. Nikamkatia kipande chembamba. Alikitafuna muda mrefu, macho ameyafumba.

"Uliipanda mbali na ukuta?"

"Hatua sita, Mama."

"Kivuli kinafika wapi?"

"Dirishani. Nimekuwekea na kigoda."

"Na mama mkwe wako?"

"Ndiye anayeimwagilia."

Katika yote niliyomwambia, ukiacha zile hatua sita, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Akanishika mkono. "Nikipona nitashuka niione."

"Karibu, Mama," nikasema. Na nakiri leo, kwa sababu waliokuwepo wote wamekwisha kufa: kwa kitambo kidogo niliogopa asije akapona. Nilikuwa nawaza nitamweleza nini akifika mlangoni. Alifariki Jumapili iliyofuata, mapeasi mawili yakiwa bado kwenye sahani.

Niliporudi Masuguru nilimweleza mama mkwe kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia imekufa angefanya nini?" akauliza.



"Angeshuka na mingine," akajijibu mwenyewe. "Angekuja mwenyewe safari hiyo."

Akainuka kwenda kuchochea moto. Nami nikabaki pale kwenye mkeka, sijavua hata kanga ya safari, mpaka aliponiita kula.