Kati ya Gitega na Ngozi

Siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi ya ukungu pale Bugarama, barabara inapogawanyika, moja ikishika njia ya Gitega na nyingine ya Ngozi. Nimeifikiria tangu jana, uliponiletea simu yako na kuniuliza uende Makamba au Cankuzo mwisho wa juma hili, kwa kuwa mafuta uliyoyapata baada ya kupanga foleni yanatosha safari moja tu. Ulinionyesha picha za hoteli, mpaka za mashuka. Nilinyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia haya.

Baba yangu, ambaye wewe hukumkuta, alikuwa fundi cherehani. Tulikaa Ngagara, kule mjini bondeni, na karibu kila kanzu iliyovaliwa sikukuu ya Idi kwenye mtaa wetu ilipita mikononi mwake. Kisha macho yakaanza kumtupa. Daktari akatuambia ni presha ya macho: jicho moja limekwisha kufa, na la pili halina muda mrefu. Baba alimshukuru, akavaa kofia yake, akarudi kazini. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, maana sikuumbwa mtu wa kulia kimyakimya.

Mama alikuwa amekwisha kututangulia mbele ya haki. Tulibaki mimi na kaka yangu Idi, dereva wa teksi. Tajiri wake akamwachia gari kwa siku mbili, na tukaamua kumtembeza Baba angali anaona. Wapi? Idi alitaja Ngozi, na mimi nikataja Gitega. Usichana wangu, mwanangu, ulikuwa wa kupanga mambo ya watu! Nikamwambia Idi kwamba Ngozi ni baridi na matope, Gitega kuna nyumba ya vitu vya wafalme, kuna ngoma, kuna milima ya kushibisha macho. Nilisema sana, Idi akasalimu amri. Baba alikuwa amekaa palepale, anapiga pasi.

Basi tukapanda milima. Bugarama tukasimama kununua kabichi, wanawake wakatuzunguka na vikapu vyao. Baba akateremsha kioo, akatazama ile njia panda kwa jicho lake moja.

"Idi, hii ingine ndiyo ya kwenda Ngozi?"

"Ndiyo, Baba."

"Tushike hiyo."

Nikaruka. "Baba, na ngoma je? Tumesafiri safari yote hii!"

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Mutoto wangu," akasema, "ngoma nitazisikia na masikio. Chakula nitakijua na ulimi. Lakini sura ya dada yangu, mi nitaisikia na nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema nyumbani.

"We haukuniuliza. Mulikuwa munaongea wenyewe."

Idi akawasha gari. Sikufungua mdomo mpaka Kayanza, na Mungu anajua hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kufunga mwezi mzima.

Dada yake, shangazi yangu Mwajuma, alikuwa ameolewa Ngozi tangu usichana. Kwa miaka mingi walikuwa wakitumiana salamu kupitia madereva wa mchele, kila mmoja akisema atakuja. Shangazi alitoka mbio, mikono imejaa maji ya mchele, akalia, akacheka, akaanza kuuliza maswali bila kungoja jibu. Kumbe nimerithi kwake! Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, akawa anaziba mdomo kwa pembe ya kitenge.

Baba alimtazama. Akamtazama wakati wa kunawa, akamtazama tukila, mpaka shangazi akaona haya.

"We Saidi, unanitazama hivyo kwani mi bibi arusi?"

Baba akacheka tu. Alikuwa ametukataza kumwambia habari za macho. Lakini chai ilipoletwa, alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa. Akanyoosha tena, akashika hewa. Shangazi akaliona hilo. Akatugeukia mimi na Idi, nasi tukainamisha vichwa.

Aliinuka, akachukua kigoda chake, akakiweka mlangoni penye mwanga. Akavua kitambaa cha kichwa, mvi zote zikaonekana. Akaondoa na mkono mdomoni.

"Haya," akasema. "Nitazame vizuri."

Yule mwanamke asiyejua kunyamaza alikaa kimya mpaka adhana ya alasiri, na Baba akakaa mbele yake, kimya vilevile. Mimi nilitoka uani. Nilikuwa na uchungu mwingi kifuani, na nilikuwa na furaha pia, na mpaka leo siwezi kuvitenganisha.

Mvua za mwaka ule hazijaanza, Baba akawa haoni kabisa. Miaka ikapita, tukaletewa habari kwamba Shangazi Mwajuma amefariki. Tukaenda Ngozi kumzika. Kabla hajafunikwa uso, ndugu zake wakaitwa kumuaga. Watu wakaanza kumwonea Baba huruma, wengine wakanong'ona kwamba maskini, hata uso wa dada yake haoni. Nikamshika mkono nimwongoze aingie walau amguse.

"Apana, mama," akaniambia. "Ingieni nyinyi. Mi nilishamuona."

Basi, mwanangu, sijui Makamba inaizidi nini Cankuzo, wala sitakuchagulia. Hoteli utazikuta mwaka huu na mwakani, na kama zimefungwa watajenga nyingine. Wewe jiulize kwanza ni wapi kuna mtu wako unayemwambia kila siku kwamba utakuja. Na kama unasafiri na mwenzako, usimpangie. Muulize anataka kumwona nani, kisha unyamaze mpaka ajibu, hata akichelewa. Kama huko kote hamna mtu, nendeni mkalale kwenye mashuka yenu mazuri, sina neno.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akulinde na kona za milima. Na mlango utakaoubisha, akujalie aufungue yuleyule uliyemfuata.