Ng'ombe Aliyechanjwa Asitolewe Haraka

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa niisahau. Tulikuwa Maramba, zama zile duka halina hata sabuni, na serikali imeanza kutuambia dawa za mifugo tununue wenyewe. Baba keshafariki. Mama, bibi yako Mwanamvua, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Shani. Maziwa yake ndiyo yaliyotulisha, na ndiyo yaliyomkuza ami yako Hamisi, mtoto mchanga wakati huo.

Ugonjwa wa mapele ya ngozi ulikwishasikika vijiji vya jirani. Bwana mifugo akaja, akamchanja Shani, akasema: "Mama, mtenge wiki tatu. Mwili wake ujifunze kwanza kumjua adui."

Sasa kwetu ng'ombe walichungwa pamoja, kwa zamu za nyumba. Ukimzuia wako unaonekana una jeuri, au una jambo unaficha. Mkuu wa zamu alikuwa Kasimu. Namtaja, wala siogopi. Na Zuberi mchuuzi namtaja pia. Ndiye aliyeleta kundini dume la mnadani, ngozi imejaa vinundu, akasema ni kupe tu.

Asubuhi ya pili Kasimu kasimama mlangoni petu.

"Bi Mwanamvua, ng'ombe umemtia eda? Kafiwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Na mama mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza katoka eda!

"Bwana mifugo kasema nimtenge," akajibu.

"Sindano si kapigwa? Au ng'ombe wetu najisi?"

Mama akafungua zizi. Shani akaenda kuchungwa pamoja na dume lile la Zuberi.

Hazikupita siku nyingi Shani akashikwa na homa. Kila nikiamka nampapasa ngozi, naomba Mungu nisikute kinundu kipya, nakikuta. Kiwele kikavimba, maziwa yakakatika, akafa. Hamisi akanyweshwa maji ya uji mpaka mbavu zikamtoka. Na Kasimu? Alipita akitangaza kwamba sindano ndiyo iliyoua. Watu wakamwamini, na bwana mifugo aliporudi wakamfichia ng'ombe. Radhi hakuomba mpaka leo.

Juzi umenieleza habari za chanjo ya DNA mliyosomeshwa chuoni. Kwamba hawatii kirusi chenyewe, wanatia maelekezo tu, chembe za ng'ombe ziyasome, zitengeneze kipande cha kirusi, na askari wa mwili wajifunze kuzisaka chembe zilizoingiliwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nimelielewa. Nikakuuliza: askari hao wanakuwa tayari siku hiyohiyo? Ukasema la. Basi hofu yangu ni ileile. Wewe ng'ombe wako umemchanja kwa chanjo ya kawaida, na tayari nasikia jirani yako anataka mchanganye mifugo. Usingizi sina.

Mwanangu, siku za kungoja muulize daktari, uzimalize zote. Ng'ombe wa mnadani mtenge, hata akiletwa na shemeji yako. Wako mkatie nyasi, mpelekee maji hukohuko ndani. Wakikucheka, waache wacheke. Wakikuita mwenye jeuri, waitikie salamu yao vizuri, zizi usifungue.

Mungu akupe moyo mgumu pale moyo wa bibi yako ulipolegea, aibariki mikono yako, na wajukuu zangu waamke kila siku wakute maziwa jikoni. Amina.