Nilikunywa Soda ya Posa ya Mke wa Mjukuu Wangu

Mwenye makosa ni mimi. Naanza na hilo kabla hamjaanza kulaumu Marekani, vijana wa siku hizi na simu zao. Ni mimi, bibi wa kwaya, mwenye mdomo usiojua likizo.

Jina langu liacheni. Hapa Louisville, jimbo la Kentucky, sisi Warundi tunajuana mpaka harufu ya mchuzi, na wakijua ni mimi itabidi nihamie Alaska.

Nina mjukuu wa kike, nimwite Goreti. Mama yake alifariki tukiwa kambi ya wakimbizi Kigoma, nikamlea mimi, nikaja naye huku mtaa wa Okolona akiwa hajui hata kuvaa soksi. Alipomaliza shule akaingia jeshini, fundi wa malori. Jamani, nilijivuna! Picha yake ya magwanda nilikuwa naitoa kwenye pochi hata kwa watu ambao hawajauliza. Daktari wa meno nilimwonyesha vidole vyake vikiwa bado mdomoni mwangu.

Halafu Goreti akaniletea Esperansi.

Esperansi ni Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini. Mama yake anakaa Buffalo, jimbo la New York, mtaa wa West Side, kwenye zile nyumba za mbao zinazolia ukikanyaga. Esperansi mwenyewe kazi yake ni kutunza wazee. Goreti akanikalisha jikoni akasema, "Bibi, huyu ni mke wangu. Tumefunga ndoa Buffalo, maana New York wanaruhusu, huku Kentucky bado."

Nikamwuliza kama amekula.

Hicho ndicho kilichonitoka. Sikumfukuza mtu. Nilipika sombe, kisamvu chetu, tukala, na moyoni nasema hii itapita kama mafua.

Wakati huo jeshi lilikuwa limeshasema watu kama Goreti watumikie bila kujificha. Vizuri. Lakini mke wake jeshi halimjui. Wake wa wanajeshi wengine wana kitambulisho, wana nyumba ya kambi ya jeshi, wana hospitali. Esperansi hata getini hapiti. Kila Goreti akiuliza anaambiwa asubiri, wakubwa wanalifikiria. Walikuwa wanafikiria nini muda wote huo sijui. Malori yao alikuwa anayatengeneza siku hiyohiyo.

Goreti akapelekwa Afghanistan. Kabla hajaondoka akaniomba jambo moja. "Bibi, kaa na mke wangu mpaka nirudi. Jeshi halimtambui. Wewe mtambue."

Nikasema ndiyo. Jumapili ya kwanza mchungaji akauliza huyu mgeni wetu ni nani. Kanisa zima limegeuza shingo. Nikasimama, nikasema, "Ni binamu yake Goreti."

Mliokaa kambini mnanielewa. Kambini kila mtu alikuwa na binamu asiye binamu. Jirani aligeuka mjomba, yatima aliyeokotwa njiani akageuka mtoto wa dada, ili siku ya kupanda ndege watu wasitenganishwe. Uongo ule uliokoa watu. Mimi nikauchukua uleule nikautumia kumfuta mtu. Sikuona tofauti, ulimi ulikuwa umezoea njia.

Kwenye gari Esperansi alisema tu, "Bon," yaani haya, sawa. 

Sasa hebu fikiria: binamu mzuri, hana mume, ana kazi, anaimba sauti ya kwanza. Ikaja familia ya watu wa kwetu kutoka mji wa Columbus kwenye mkutano wa kanisa, wakamwona. Wana kijana mwenye gari jipya na viatu vya ncha kali. Baba yake akanipigia simu kwa heshima zote, anaomba kuja "kusalimia". Mrundi gani hajui kusalimia kwa namna hiyo?

Hapo ningesema, ameolewa, yakaisha. Lakini angeuliza ameolewa na nani. Na niseme lote basi, nilifurahi. Nikajiambia, ndoa hii hata jeshi halijaikubali, hata Kentucky haijaikubali, mimi ni nani? Nikajificha nyuma ya serikali, mimi ambaye tangu nizaliwe sijakubaliana na serikali hata moja!

Wakaja Jumamosi, saa ambayo nilijua Esperansi yuko kazini. Suti, vitenge, na kreti za soda, maana sisi walokole bia ya ndizi tuliiacha mpakani. Msemaji wao akaanza mafumbo ya kwetu: walikuwa wanapita njia, wakaona ndama mzuri anakula majani kwenye boma langu. Boma lenyewe ni apatimenti ya juu, chini anakaa Mmeksiko na mbwa wake. Nami nikamjibu kwa mafumbo. Nikamsifia ndama, nikauliza majani ya Columbus yakoje, kama yanashibisha. Nilikuwa mtamu siku hiyo. Ilikuwa siku nyingi sana sijapigiwa goti na watu wazima.

Wakanimiminia soda. Kwetu kinywaji cha posa ukikinywa umekubali, hakuna kurudi nyuma. Nikainua glasi. Nikanywa yote, na mbweu nikapiga.

Mlango ukafunguka. Mgonjwa wa Esperansi alikuwa amechukuliwa na binti yake, kwa hiyo amerudi mapema, bado na nguo za kazi. Akatazama kreti. Akatazama glasi yangu. Kwao nao wanachumbia hivyohivyo, hakuhitaji kufasiriwa.

Yule baba wa Columbus akasimama, akamwita Esperansi "mwanangu", akamweleza kwamba bibi amekwisha kukubali.

Esperansi akaweka mkoba chini, akasema kwa Kiswahili cha kwao Kivu: "Bazee, mutanisamehe. Miye nilishafunga ndoa. Nilifunga na Goreti, ule mwanajeshi, kule Buffalo. Donc, basi, hizi soda murudishe mu gari. Ile moya Mama huyu alikunywa, mutaongea naye."

 Yule mzee akanigeukia, bila hasira, ni kama alikuwa ananihurumia. "Mama, ulikuwa unajua?"

Nikatazama glasi.

Wakabeba kreti zao. Ngazi yote chupa zilikuwa zinagongana, na majirani wakachungulia.

Esperansi akafunga nguo zake bila kelele. Angenipigia kelele ningepata pa kushika. Mlangoni akasema, "Jeshi ilinikatalia mu geti, nikazoea. Lakini jeshi haijakula na miye mu sahani moya." Akapanda basi kwenda kwa mama yake Buffalo.

Goreti akanipigia kutoka huko vitani. Hakunitukana. "Bibi, nilikuomba kitu kimoja," akasema, akakata. Hakupiga tena.

Sasa sikieni serikali ilivyonitia aibu. Miezi haikupita mingi jeshi likaamua: wake na waume wa watu kama Goreti watambuliwe, wapewe kila kitu kama wenzao. Esperansi akapata kitambulisho. Jeshi la Marekani, linalokaa vikao kubadilisha rangi ya soksi, likanitangulia mimi!

Siku ya Goreti kurudi niliisikia kanisani, kwa watu. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaomba lifti mpaka kwenye geti la kambi ya jeshi. Askari akataka kitambulisho. Sina. Nikamtolea ile picha ya Goreti ya kwenye pochi. Akaitazama kwa adabu kabisa, akasema lazima aje mwenye kitambulisho aniingize. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara kama gunia lililoanguka kwenye lori.

Gari likasimama. Dirisha likashuka. Esperansi.

Askari akamwuliza kama ananijua, na mimi ni nani kwake. Akanitazama.  Halafu akamjibu kwa Kiingereza, polepole ili na mimi nielewe: "Cousin." Binamu.

Nikapita lile geti juu ya uongo wangu mwenyewe.

Ukumbini Goreti akamkimbilia mkewe, akamnyanyua juu, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika mkoba wa Esperansi. Baadaye Goreti akanijia, akanipa mkono kama unavyompa mgeni wa serikali. "Asante kwa kuja, Bibi." Mkono! Mimi niliyemfundisha kuvaa soksi.

Mkataba wake wa jeshi ulipoisha wakahamia Buffalo. Mwaka huu mahakama ya juu ya Marekani imesema ndoa kama yao ni halali nchi nzima, mpaka Kentucky. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema yote, na soda nikaisema. Wengine wamehama benchi langu, sasa nina pa kuweka pochi. Nikipiga simu Buffalo anapokea Esperansi. Nikiomba kwenda kuwatembelea anasema, "Bon, nitamuuliza Goreti." Bado anamuuliza. Mimi nasubiri, kama walivyosubiri wao.

Wewe unayengoja serikali ikuambie nani ni wa kwako, usingoje. Ukiletewa mkwe jikoni, Jumapili hiyohiyo msimamishe mbele ya watu umtaje alivyo. Na wageni wakija na kreti, glasi iache mezani mpaka mwenye ndoa yake arudi kutoka kazini.