Jina Lililo Ndani ya Ukuta

Jumanne nilipanga foleni katika ofisi mpya ya serikali mjini Nyeri, nyuma ya wachumba waliokuja kuandikisha ndoa. Bwana harusi ni mchonga mawe kwenye kwari. Bibi harusi anachuma majani chai kule Othaya.

Karani, aliyerithi kiti cha mzungu pamoja na kununa kwake, alibana kidole gumba cha bwana kwenye wino, kisha kitabuni. Likatoka doa jeusi tupu. Akarudia, doa lile lile. Mawe yalikuwa yamemaliza mistari yote ya kidole.

"Bila alama hakuna ndoa," karani akasema.

"Lete kalamu," bwana harusi akasema.

Bibi harusi akageuka. "Ati kalamu? Umejua kuandika lini?"

Bwana akainama, akachora herufi moja moja, jasho likimtoka. Karani akasoma, akacheka. "Hili ni jina la bibi!"

"Ni hiyo moja tu najua. Nyapara wa kwari alinifunza. Kila jiwe nikichonga, naiandika na makaa. Hata hii ofisi, mawe ni yangu. Jina yake iko ndani ya ukuta."

Karani aliutazama ukuta kwa muda, kisha akagonga muhuri kwa nguvu. "Alama ni alama."

Bibi harusi alijipigia vigelegele mwenyewe, foleni nzima ikamwitikia.

Mimi ninakula kwa kalamu. Katika miaka yetu yote ya ndoa, karatasi pekee niliyowahi kumwandikia mke wangu inasema: chumvi, sabuni, mafuta ya taa.